Mashine ya mayai 56 ya Kariakoo: inatotolesha kweli, ila usiamini namba za kioo chake

Naanza na jibu ili mwenye haraka asisome yote: inatotolesha. Mpaka sasa nimeshatoa humo kienyeji, chotara na hata kanga, kwa hiyo anaesema hizi mashine ndogo za plastiki za kutotolesha mayai (inkubeta) ni utapeli mtupu sikubaliani nae. Ila na muuzaji akikwambia we panga mayai, chomeka umeme, rudi siku ya 21 uokote vifaranga, huyo nae anataka hela yako tu. Kuna kazi humu, na kazi yenyewe kubwa ni kuisimamia mashine isikudanganye.

Ninayoiongelea ni ile ya njano kwa chini yenye kifuniko kinachoonyesha ndani, boksi limeandikwa mayai 56, otomatiki kamili, kutotoa asilimia 98. Jina la kampuni halina maana kulitafuta maana ukizunguka Kariakoo utaikuta duka hadi duka, stika tofauti, bei tofauti, ndani mule mule. Nilianza kutajiwa laki tatu na nusu nikashuka nayo mpaka laki mbili na sitini. Nilivyoomba iwashwe pale pale nione kama feni inazunguka jamaa akanambia "bosi hizi zinatoka kiwandani zimeshapimwa, ukifungua boksi gerenti inakufa". Tukavutana mpaka mwishowe akaiwasha. Na hiyo gerenti yenyewe ya mwaka ni ya mdomo tu, risiti chini imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Ndani unapata hita, feni ndogo, kisensa cha joto na cha unyevu vinaning'inia kwa waya, trei ya roli yenye mota ya kugeuza mayai kila baada ya masaa mawili, mifereji miwili ya maji kwenye sakafu, na pembeni kuna sehemu ya kuchomeka betri ya volti 12. Kitabu cha maelezo kipo ila kimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza cha ajabu, usikitegemee.

Sasa kile kioo cha namba. Yai la kuku kwenye mashine yenye feni linataka joto la 37.5 mpaka 37.8, hapo hapo, na likikosea kwa nyuzi moja mfululizo siku zote 21 utaona matokeo yake. Kioo changu kilikuwa kinaonyesha 37.8 muda wote, kimetulia kabisa, ukikiangalia roho inapoa, kumbe ndani ni 36.9. Mzao wa kwanza ndo ulionyesha: siku ya 21 kimya, ya 22 wakaanza kutoboa wachache, wengi wametoka ya 23, wazito, matumbo yamejaa, wanakaa tu hawataki kusimama. Hivyo ndo joto dogo linavyofanya. Joto likizidi ni kinyume, wanawahi siku ya 19 au ya 20, wadogo, kitovu hakijafunga, wengine vidole vimepinda, na wengine wanafia ndani ya ganda wakiwa wameshakamilika, hao ndo wanauma zaidi ukija kuvunja mayai yaliyobaki.

Dawa yake iko duka la dawa, nenda kanunue kipimajoto cha homa. Hiki cha kumpima mtoto homa kinasoma kuanzia 35 mpaka 42, yaani kile kipande tunachokihitaji sisi ndo hicho hicho, na ni sahihi kuliko vile vipimajoto vya buku mbili vya kubandika ukutani. Unakilaza juu ya mayai, ncha iwe usawa wa yai, usikiegemeze kwenye hita. Cha zebaki kama bado unacho nyumbani ni kizuri zaidi kwa jambo moja, kinabaki kwenye joto la juu kabisa kilichofikia mpaka ukikung'ute, kwa hiyo ukikiweka usiku asubuhi unajua joto lilipanda mpaka wapi wakati umelala (ila kiwe mahali hakivunjiki, zebaki sio ya kuchezea). Baada ya hapo kwenye mashine yangu unashikilia kitufe cha Set sekunde kadhaa, unazunguka mpaka uone herufi CA, hapo ndo unairekebisha kulingana na kipimajoto chako. Muuzaji hakunitajia hii kitu na kwenye kitabu iko sehemu ambayo nisingeielewa hata kwa kulazimisha. Tangu niisahihishe wanatoka siku ya 21 kama inavyotakiwa, wachache wanatangulia usiku wa kuamkia, wachache wanavuta mpaka ya 22.

Kitu kingine, joto halifanani humo ndani. Katikati chini ya feni kuna joto zaidi na kwenye kona kunapoa, tofauti inafika nusu nyuzi na zaidi. Mi kila nikifungua kupima mayai nahamisha ya kona naleta katikati. Ni kazi ya dakika chache.

Unyevu nao una mambo yake, na hapa ndo nimegundua ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni haujali mtu yuko wapi. Utasikia jaza maji mifereji yote kuanzia siku ya kwanza. Sasa mimi niko Chanika, hewa ya Dar yenyewe ina maji, ukiichukua ukaipasha mpaka 37 na nusu bado inabaki na unyevu wa arobaini na kitu bila hata tone la maji kwenye mfereji. Yai linataka kama 45 mpaka 55 kwa siku 18 za mwanzo. Kwa hiyo huku kwetu mfereji mmoja, tena usiojaa, unatosha kabisa, na msimu wa masika kuna siku siweki chochote. Ukijaza yote miwili yai halipungui uzito inavyotakiwa, kile chumba cha hewa kwenye upande mnene wa yai kinabaki kidogo, kifaranga akija kutoboa hana nafasi ya kupumua, anafia na maji maji puani. Ila shemeji yangu yuko Njombe, kule baridi na hewa kavu, hewa ya huko ukiipasha inakuwa kavu sana, yeye mifereji miwili haitoshi anaongeza na kitambaa kilicholowana. Mashine moja, mikoa miwili, maji tofauti kabisa.

Na kipima unyevu cha mashine nacho msikiamini kwa upofu. Kama una kipimo cha pembeni kijaribu hivi: chukua chumvi ya mezani, iloweshe kidogo tu iwe kama uji mzito, weka kwenye kizibo cha chupa, ingiza kizibo pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki, funga uzuie hewa, acha masaa nane au usiku mzima. Kikisoma karibu na 75 kiko sawa, kikisoma 68 basi ujue kinapunguza saba. Ni fizikia tu, chumvi iliyolowana inashikilia unyevu wa 75 kwenye hewa iliyofungwa.

Tuje kwenye hiyo namba 56. Trei ya roli imepimwa kwa mayai ya kuku wa mayai wa kisasa, yale ya gramu 55 mpaka 60. Yai letu la kienyeji ni dogo, linacheza gramu 40 hivi, sasa likikaa kati ya roli mbili linazama, roli inazunguka yai linabaki pale pale linateleza. Kwa macho unaona trei inatembea unaridhika, kumbe mayai ya katikati hayajageuka tangu jana. Nilikuja kulithibitisha kwa penseli, unaweka alama X upande mmoja na O upande mwingine (penseli, sio maka peni), baada ya masaa mawili unaangalia. Mayai kama robo yalikuwa hayajagusika. Nimesogeza vile vigawio vya plastiki na madogo kabisa nayageuza kwa mkono mara tatu au tano kwa siku, namba isiyogawanyika kwa mbili ili upande mmoja usilale usiku wote kila siku. Kugeuza kuna sababu, kifaranga akiwa mdogo kabisa asipogeuzwa anaganda na utando wa ganda. Siku ya 18 unaacha kugeuza na unatoa trei yote ya roli, unatandika ile wavu ya plastiki chini, ukiziacha roli miguu ya vifaranga inanasa. Kwa mayai makubwa ya chotara trei haina shida, inageuza vizuri, ila hayafiki 56, yanaenea arobaini na tano hivi.

Umeme. Boksi linasema wati 80. Hata ingekuwa inawaka muda wote bila kupumzika ingekula unit 1.9 kwa siku, siku 21 ni unit 40, ila hita inawaka na kuzima, kwa Dar ambako chumba kina nyuzi 28 mpaka 30 mi naona inatumia kama nusu ya hapo. Kwenye tarifa ya kawaida ya shilingi 356 kwa unit ni elfu saba mpaka kumi na nne kwa mzao mmoja. Sio mbaya. Ila kama uko kwenye ile tarifa ya chini ya watumiaji wadogo, ya mwisho unit 75 kwa mwezi, piga hesabu vizuri, maana mashine pamoja na taa ya kulelea vifaranga vinaweza kukuvusha ukajikuta umehamishwa.

Umeme ukikatika je? Hapa ndo ile tundu ya betri inaiokoa hii mashine kwenye tathmini yangu. Nimeifunga na betri ya gari N70, ukikatika inahamia yenyewe bila kugusa kitu. Usitegemee miujiza, wati 80 kwa volti 12 ni karibu ampea 7, betri ya ampea-saa 70 hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hiyo una masaa matano ya uhakika na zaidi kidogo kwa vile hita haiwaki muda wote. Ila betri haichajiwi na mashine, lazima uwe na chaja pembeni, na king'ora cha joto kushuka kinalia tu kama kuna umeme au betri. Kama huna betri na umeme ukakatika mashine inakufa kimya kimya na wewe umelala. Huo ni ubunifu wa ovyo kabisa.

Kwa wasio na betri, msiogope kupita kiasi na msifungue fungue kifuniko. Kuku mwenyewe anaacha mayai kila siku akanywe maji na kudonoa, nusu saa inapita na mayai hayafi. Funika mashine na blanketi, acha matundu ya hewa wazi, ukikatika muda mrefu ingiza chupa za maji ya moto pembeni. Kifaranga wa wiki ya tatu anatoa joto lake mwenyewe kwa hiyo anavumilia masaa kadhaa. Hatari kubwa kuliko baridi ni joto, yai likikaa kwenye nyuzi 40 masaa kadhaa linaweza kufa, na hii mashine haina namna ya kupoza, inajua kuzima hita tu. Ukiiweka kwenye chumba cha bati bila silingi bodi, saa nane mchana mwezi wa pili, chumba chenyewe kinakaribia joto la mashine, ukijumlisha na joto la mayai ya wiki ya mwisho inapanda yenyewe na hita imezima. Yangu niliitoa sebuleni kwenye dirisha la jua nikaiweka korido, chini sakafuni, kunatulia usiku na mchana.

Kupima mayai kwa mwanga hii ya kwangu ilikuja na kitaa kidogo ambacho hakifai, tochi ya simu na kile kibomba cha karatasi cha tishu ni bora mara kumi. Siku ya 7, chumba giza, unaweka upande mnene wa yai. Lenye uhai utaona mishipa imetambaa na doa jeusi katikati linacheza. Lililo jeupe tupu halina mbegu, na hilo kosa sio la mashine, ni la jogoo au la uhifadhi. Lenye pete nyekundu kifaranga alianza akafa. Yatoe yote hayo, yai viza likipasuka ndani kwenye joto lile nyumba nzima mtahama na wadudu wake wanaingia kwenye mayai mazima. Kwa mayai ya kununua mtaani jiandae kuona meupe mengi. Mayai yaliyokaa muda mrefu, yaliyooshwa, yaliyotoka kwenye friji, au yaliyobebwa na bodaboda kwenye barabara ya vumbi huku kwetu, hayo hata mashine ya milioni tano haitayafufua. Na jogoo mmoja kwa mitetea kumi, wakizidi sana anaishia kuwa na vipenzi vyake na wengine mayai yao yanatoka bila mbegu.

Siku tatu za mwisho unapandisha unyevu ufike 65 mpaka 75, hapo sasa jaza mifereji yote, na hufungui tena. Kuna bomba dogo la kuingizia maji kwa nje, hilo wamelifikiria vizuri nawapa hongera. Kwanza unasikia sauti kabla hujaona kitu, mlio mwembamba ndani ya yai zima lisilo na hata ufa. Halafu ganda linapata kipaku kidogo, kama limegongwa na ncha ya kijiko, na hapo anapumzika. Masaa mengi anapumzika, kumi na mbili, hata ishirini na nne, na hapo ndo watu wanaharibu kwa huruma wanaanza kubandua ganda. Muache. Anamalizia kunyonya kiini cha yai na damu ya kwenye utando, ukimtoa kabla anatoka damu anakufa. Akishakuwa tayari anazunguka ndani anakata ganda duara kwa lile jino dogo juu ya mdomo, anasukuma na miguu, anatoka amelowa mbaya kabisa, anagaragara juu ya mayai ya wenzake anayasukuma huku na huku. Kifuniko kinajaa mvuke huoni kitu. Bibi jirani yetu alikuja kuangalia akasema "mjukuu wangu, hii friji yako inaatamia kweli?" na tangu siku hiyo kila umeme ukikatika anapiga hodi kuulizia wajukuu zake.

Waache humo mpaka wakauke manyoya. Kile kiini walichokinyonya kinawatosha siku mbili mpaka tatu bila kula wala kunywa, ndo maana makampuni yanaweza kuwasafirisha kwenye maboksi mikoani na wakafika hai.

Kwangu mzao mzuri mayai yangu mwenyewe natoa kama robo tatu mpaka asilimia themanini ya yaliyokuwa na mbegu. Mayai ya kununua naenda nusu, mara nyingine chini. Hiyo 98 ya kwenye boksi sijaiona na sijaona mtu aliyeiona.

Watu wengi wakipiga hesabu ya mashine wanasahau kwamba kutotoa ndo sehemu rahisi, gharama inaanza baada ya hapo. Kifaranga wiki ya kwanza anataka joto la 32 mpaka 35, kila wiki unapunguza kama nyuzi tatu mpaka aote manyoya. Balbu zile za zamani za wati 100 zimepotea madukani, za LED hazina joto la kumpasha hata mende, kwa hiyo unabaki na taa nyekundu ya wati 250. Hiyo ikiwaka siku nzima ni unit 6, zaidi ya elfu mbili kwa siku! Yaani kulea wiki moja kunakula umeme kuliko kutotoa siku 21. Kwa Dar naizima mchana naiwasha jioni mpaka asubuhi, inashuka karibu nusu. Wengine wanatumia chungu au jiko la mkaa, linapasha vizuri sana, ila chumba kiwe na hewa inayopita na mkaa uwe umekolea, gesi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua vifaranga na inakuua na wewe, hata kama huoni moshi. Kipimo bora cha bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) sio kipimajoto, ni wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanalia wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika wanakula wengine wamelala hovyo hovyo hapo umepatia. Chini tandika maranda, gazeti tupu linateleza miguu inapanuka wanakuwa vilema. Na miguu ya meza au boksi ipake greasi au weka kwenye vikopo vya maji, siafu usiku mmoja wanamaliza kundi zima.

Kuna jambo moja muuzaji wa mashine hakwambii na ni la msingi. Vifaranga wa kampuni wanachomwa sindano ya mahepe (ugonjwa wa virusi unaoitwa Marek) siku ile ile wanayototolewa, wa kwako hawajachomwa, na chanjo yenyewe inakuja kwa dozi nyingi na mara nyingi inahitaji kutunzwa kwenye baridi kali sana, kwa mtu wa vifaranga thelathini haiwezekani. Kwa hiyo hapo unaingia na hatari hiyo. Zilizobaki zinawezekana: ya mdondo (kideri, Newcastle) tumia ile inayovumilia joto, I-2, hapa kwetu inatengenezwa Kibaha inaitwa TEMEVAC, tone moja jichoni na unarudia kila miezi mitatu. Chanjo ya Gumboro (ugonjwa wa virusi wa vifaranga) kwenye maji kuanzia wiki ya pili na kurudia kufuata maelekezo ya kichupa, ndui ubawani wakikaribia miezi miwili. Maji ya bomba yenye dawa yanaua chanjo, tumia ya kisima au ya mvua, na maji yaishe ndani ya masaa mawili. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wako, sisi mtaani tunachangishana tunachanja siku moja. Kinyesi chenye damu kuanzia wiki ya tatu hivi ni koksidiosisi, hapo usibahatishe na majani, dawa ya amprolium ipo duka lolote la mifugo, na ubadilishe maranda maana vimelea vyake vinapenda unyevu.

Sasa inalipa? Inategemea mayai ni ya nani. Chukua mayai 50 ya kununua kwa mia saba, elfu 35, weka umeme elfu kumi, ukitoa nusu una vifaranga 25, kila mmoja amekugharimu elfu moja na mia nane na hujahesabu usingizi wako. Kwa bei hiyo hiyo kifaranga wa siku moja chotara unampata huku kwetu kachanjwa mahepe kabisa. Hapo mashine ni ya kujifurahisha tu. Lakini kama una jogoo na mitetea yako, mayai unayokusanya ungeyauza mia tano mia sita, na unatoa robo tatu, hapo hesabu inageuka na mashine inajilipa taratibu. Na ukiwa na chotara kama Kuroiler au Sasso usitarajie vifaranga wa mayai yao watafanana na wazazi, kizazi cha pili kinatawanyika, wengine wakubwa wengine kama kienyeji wa kawaida.

Kuku mwenyewe bado ni mpinzani mkubwa wa hii mashine. Koo mmoja anaatamia mayai kumi mpaka kumi na tano, hali umeme, analea mwenyewe, anafukuza paka. Mi siku hizi nachanganya, mashine inatotolesha na kama nina koo ametotoa siku hiyo hiyo namuingizia wa mashine usiku giza chini ya mbawa, asubuhi anaamka na familia kubwa wala hastuki. Napunguza unit za taa. Inafanya kazi wakiwa wa umri mmoja tu, ukimpelekea waliokwisha kujua kula anawadonoa.

Nyota naipa tatu na nusu kati ya tano. Ningeipa nne kama king'ora chake kingekuwa na betri yake ndogo na trei ingefikiria yai la kienyeji.

Ukiamua kununua, dukani usiondoke mpaka iwashwe dakika kumi, uone feni inazunguka bila kukwaruza, uone mota ya trei inatembea (inatembea taratibu sana, weka alama), na uchomeke betri uone inahama bila kuzima. Feni ikifa, na yangu imeshakufa mara moja, usikubali kuuziwa ya elfu thelathini kwa jina la spea ya inkubeta, ni feni ya volti 12 ya kawaida sawa na za kwenye kompyuta, mafundi wanazo kwa elfu tano, pima upana wake tu na uangalie upepo unaelekea upande gani kabla hujafunga skrubu. Kisensa cha joto nacho kinapatikana kwa mafundi wa friji. Trei ya roli ndo sijaipata popote peke yake, hiyo ikivunjika meno ya giya utarudi kugeuza kwa mkono, kwa hiyo wakati wa kuosha iloweshe kwanza, usiisugue na brashi ngumu, na mota usiimwagie maji.